Tupime chuma, tusinunue rangi



Mwaka jana, mwezi wa saba, tulikuwa kwenye mkutano wa koperative moja ya wilaya ya Kalehe. Tulikuja kuongea juu ya mbegu za maharagi. Mbele hata tuanze, mama mmoja akasimama, akafungua kitenge chake, akatoa jembe na kuliweka juu ya meza ya komite. Lilikuwa jembe letu. Tulilitambua kwa ile rangi nyekundu na kwa etiketi ya mradi ambayo ilikuwa haijatoka bado. Ncha yake ilikuwa imekunjika kama jani la muhogo lililopigwa na jua. Mama hakugomba. Alisema tu: "Ba-agronomu, hii jembe mulitupatia, nililima nayo siku mbili. Siku ya tatu nikarudilia ile ya mama-mukwe wangu. Sasa hii niifanyie nini?"

Watu wakacheka. Sisi hatukucheka, sababu tulijua kuko majembe mengine mia kadhaa ya namna ileile katika vijiji vya jirani, na ni sisi tuliyatoa kwenye kamiyo, tukapiga foto, tukaandika rapore kwamba wakulima wamepata vifaa.

Basi makala hii tunaiandika kwa kuwa tuna deni. Tunataka kueleza namna gani tulinunua vibaya, kisha tuseme maoni yetu: koperative inaweza kupata jembe lenye nguvu karibu sawa na yale ya majina makubwa, kwa bei ambayo mwanachama anaweza kulipa, na mara nyingi jembe hilo liko karibu na nyumbani kuliko tunavyofikiri. Lakini lazima mtu ajue kupima chuma.

Tuanze na kosa letu. Mradi ulikuwa na feza za majembe. Sheria inaomba tupate proforma tatu kutoka kwa wauzaji wenye karatasi, kisha tuchague bei ndogo. Tukapata proforma tatu. Juu ya kila moja kuliandikwa "jembe, kipande kimoja, 3 LB, ubora mzuri". Ubora mzuri! Hakuna aliyeuliza ni chuma gani. Hakuna aliyeomba kipande kimoja kwanza akipeleke shambani. Tulichagua bei ndogo, tukatia sahihi, na kamiyo ikafika. Sisi tumesoma agronomia miaka mingi, tunajua kuongea juu ya asidi ya udongo na juu ya mnyauko wa migomba, lakini kwenye institi hakuna siku hata moja tuliwekewa majembe mawili mbele ya macho na kuulizwa lipi litakunjika. Mama yule wa Kalehe angejua kwa kuliinua tu. Hatukumuuliza.

Nyuma ya mkutano ule, wazee wa komite walikuwa na jibu moja: "Mutuletee zile za zamani, za mamba." Tunaelewa. Wengi wenu mumekua mukiona majembe yenye alama ya mamba, ya Chillington ya Uingereza, na mapanga ya Tramontina, ambayo ni kampuni ya Brazil inayofanya kazi tangu 1911. Majina hayo hayakupata heshima bure. Jembe la namna ile limefuliwa katika chuma chenye kaboni ya kutosha, tundu la mpini na bapa ni mwili mmoja, halafu limepitishwa motoni na kuzimishwa kwa kipimo kilekile, kipande kwa kipande. Ukinunua la kwanza na la mia, ni sawa. Hicho ndicho kitu unalipia: kutokuwa na mashaka.

Lakini kuko mambo mawili. La kwanza ni bei, ambayo kwa mama anayelima shamba la kukodi ni kubwa kweli. La pili ni kwamba alama inaigwa. Kugonga picha ya mamba au ya jogoo juu ya bapa ni kazi ya dakika moja. Kuweka chuma kizuri chini ya picha ile ni kazi ingine kabisa. Sokoni tumeona majembe mawili yenye picha karibu sawa, moja likiwa na herufi moja imebadilishwa katika jina. Mtu asiyesoma atajuaje? Hata mwenye kusoma, akiwa na haraka ya kurudi mbele ya mvua, atajuaje? Kwa hiyo kusema "tununue jina tu" si jibu kamili. Ukiwa hujui kupima, utalipa bei ya jina na kupeleka nyumbani rangi.

Hapa tufanye hesabu kidogo. Bei tunazoandika ni mfano tu, kila mmoja aweke za soko lake. Tuseme jembe la rangi ni franka 10.000 na linakufa katika msimu mmoja. Tuseme jembe la mfua chuma wa kwetu, lililofuliwa vizuri, ni franka 18.000 na linamaliza misimu mitano. Tuseme la jina kubwa, la kweli, ni franka 30.000 na linamaliza misimu sita. Gawanya sasa. La kwanza linakula franka 10.000 kila msimu, la pili 3.600, la tatu 5.000. Muone vizuri: hata lile la bei kubwa linashinda la bei ndogo. Jembe la bei ndogo ndilo ghali kuliko yote, na tena hatujahesabu siku zilizopotea. Mwezi wa tisa mvua ikishuka, mwenye jembe lililokunjika anapoteza wiki, na maharagi yaliyopandwa kwa kuchelewa yanakuta mvua kubwa wakati wa kutoa maua. Hiyo haiandikwi kwenye proforma.

Sasa namna ya kupima. Hakuna haja ya mashine. Koperative nyingi ziko na mizani ya kahawa au ya mahindi. Hiyo ni mwanzo. Jembe lililoandikwa 3 LB linapaswa kuwa na gramu karibu 1.360, bila mpini. Kama mizani inaonyesha gramu 1.100, mtu amekuibia robo kilo ya chuma. Lakini musidanganywe na uzito peke yake. Chuma laini kinaweza kuwa kizito na kikakunjika vilevile, na jembe zito linavunja mgongo wa anayelima kutwa. Chuma kizuri kinaruhusu bapa kuwa jembamba kidogo bila kukunjika. Kwa mama anayelima mlimani, jembe la kilo moja na kidogo lenye chuma cha nguvu ni zuri kuliko la kilo moja na nusu la chuma cha mchezo. Tunasema hivi kwa sababu komite nyingi ni za wababa, wanachagua jembe zito, halafu wenye kulima ni wamama.

Kisha muangalie tundu la mpini. Kwangua rangi kwa kisu pale tundu linapokutana na bapa. Ukiona mstari wa kusudire, ujue ni vipande viwili vimegandishwa, na mahali pale ndipo patakatika, juu ya mawe, siku ya kazi ya pamoja watu wote wakikuangalia. Rangi nyingi nene mahali pale pekee ni dalili ya kuficha kitu. Muuzaji akikukataza kukwangua, umekwisha kupata jibu.

Sauti pia inasema. Pitisha kamba kwenye tundu, ning'iniza jembe, pigapo na jiwe dogo. Likilia kama kengele ya shule, mwili wake ni mzima. Likitoa sauti ya kopo, kuna ufa au kiungo kisichoshika. Sauti lakini haikuambii kama chuma ni kigumu. Kwa hilo kuna tupa, ile wengi tunaita limu.

Tupa ndiyo kipimo tunachokiamini kuliko vyote. Sugua ukingo wa bapa mara tatu. Kama tupa inazama na kutoa unga mwingi bila kazi, chuma ni laini, kitaisha na kukunjika. Kama tupa inateleza kama juu ya chupa, chuma ni kigumu kupita kiasi, kitameguka kwenye jiwe la kwanza. Tunachotafuta ni katikati: tupa inashika, lakini unasikia inakataa kidogo, mkono unafanya kazi. Ukijaribu majembe matano hivi, mkono wako utajua wenyewe. Chukua na jembe la zamani ambalo kila mtu kijijini anajua ni zuri, lisugue kwanza hilo, ndipo ulinganishe.

Mwisho, ingiza ncha katikati ya mawe mawili au kwenye ufa wa kisiki, tia mpini, uegemee kwa uzito wako. Bapa nzuri inapinda kidogo kisha inarudi. Ile yetu nyekundu ilipinda na kubaki. Tulifanya jaribio hilo mbele ya mkutano, na mama yule akatuangalia tu bila kusema neno.

Tufike sasa kwa mfua chuma. Katika nchi zetu za maziwa makubwa, kufua chuma si jambo lililoletwa na kamiyo. Jembe lilikuwa mali ya kutolea mahari, na watu waliyeyusha chuma chao wenyewe mbele ya Wazungu kufika. Leo wafua chuma wamebaki wachache, wanakaa pembeni ya soko na mivukuto yao, wanatengeneza visu, majiko na minyororo ya mbuzi. Watu wanawanunulia jembe wakikosa lingine. Sisi pia tulikuwa tunapita tu.

Muzee mmoja mfua chuma, umbali wa saa mbili kwa miguu kutoka pale pa mkutano, ndiye alitufundisha. Alituuliza swali ambalo mwuzaji wa mjini hakuliuliza: "Mutaniletea chuma gani?" Kwa maana chuma si kimoja. Vyuma vya beto, vile vya kujengea, viko na kaboni kidogo sana. Ukivichoma na kuvizimisha kwenye maji mara kumi, vinabaki laini. Tole ya pipa ni vilevile. Lakini lame za resori ya kamiyo ni kitu kingine. Ziko na kaboni ya asilimia karibu 0,5 hadi 0,6, zimetengenezwa ili zipinde na kurudi miaka na miaka chini ya mzigo. Hicho ndicho jembe linaomba. Na barabara zetu, tunazozilalamikia kila siku, zinavunja resori kila juma. Kwenye garaji za Bukavu na kando ya ile barabara ya taifa nambari 2 kuelekea Goma, lame zilizovunjika zimelala chini zikishika kutu. Ni mara moja tu tumeona faida ya barabara mbovu, tuiseme.

Tulinunua lame kwa kilo, tukampelekea. Majembe sita ya kwanza, mawili yalipasuka. Tukaanza kumlaumu, naye akatulaumu sisi, na kweli makosa yalikuwa ya pande mbili. Yeye alizoea kuzimisha kila kitu kwenye maji baridi. Chuma cha resori kikizimishwa kwenye maji kinashtuka na kupata nyufa, kinataka mafuta. Sisi tulijua jambo hilo kwenye kitabu, na tulikaa kimya kwa kuogopa kumfundisha mtu mzima kazi yake. Hiyo ni heshima ya uongo. Tuliporudi na bidoni ya mafuta ya motere yaliyotolewa kwenye vidanje, tukaelewana.

Kwa faida ya wafua chuma wanaosomewa gazeti hili, tueleze namna kazi ilivyofanyika. Bapa ikishafuliwa, inarudishwa motoni mpaka iwe na rangi ya mafuta ya mawese mapya. Ili kuwa na hakika, muzee alichukua sumaku iliyotoka kwenye redio iliyokufa, akaifunga kwenye waya. Chuma kikifika karibu digri 770, sumaku haikishiki tena. Pale unaongeza moto kidogo tu, kisha unazamisha bapa kwenye mafuta, kwa ukingo kwanza, bila kutikisa ovyo. Mafuta yawe yamepata joto kidogo, na kifuniko cha tole kiwe karibu, sababu yanaweza kuwaka. Chuma kikitoka hapo ni kigumu kama chupa, bado hakifai. Sugua ukingo kwa jiwe mpaka ung'ae, kisha urudishe joto polepole kutoka upande wa tundu. Utaona rangi zinatembea juu ya chuma: manjano, kahawia, zambarau, halafu buluu. Kwa kisu unasimamisha kwenye manjano au kahawia. Kwa jembe unangoja buluu, kwenye digri karibu 300. Pale jembe limepata uvumilivu, linapinda na kurudi. Muzee alijaribu mara mbili, mara ya tatu hakuwa na haja yetu tena.

Neno moja la nguvu hapa. Katika jimbo letu mashambani kuna vyuma vilivyobaki vya vita. Mtu asipeleke hata siku moja kwa mfua chuma kitu kinachofanana na bomu, roketi au ganda la risasi kubwa, hata kama kinaonekana kimeoza na kiko kitupu. Usikiguse, weka alama kwa mbali, uonye watoto, toa habari kwa wakubwa wa kijiji. Hakuna jembe linalostahili mkono wa mtu.

Majembe yaliyotoka kwa muzee yamepita misimu miwili sasa, A na B, kwenye udongo mwekundu wenye mawe. Hatusemi ni sawasawa na yale ya mamba. Si mazuri kwa macho, moja liko pana kidogo kuliko lingine, na tundu la kwanza lilihitaji kabari mbili. Lakini tulipoweka tupa juu yake na juu ya jembe la zamani la jina kubwa, mikono yetu haikusikia tofauti, na mpaka leo hakuna lililokunjika.

Wenzetu wengine wa kazi hawakubaliani nasi. Mmoja anasema: wafua chuma ni wachache, mukiwaagiza majembe mia tano watachoka na kuanza kuwapa vyuma vya beto. Ana haki. Tumeona mwenyewe kwamba mwezi wa nane, wakati wateja wote wanafika pamoja, kazi inaharibika. Kwa hiyo koperative isiagize mwezi wa nane. Iagize mwezi wa sita, kiangazi kikianza, kidogo kidogo, majembe thelathini kwa mwezi kwa kila mfua chuma, na chuma kiletwe na koperative yenyewe. Mwenye chuma ndiye anajua ni chuma gani. Mwenzetu mwingine anaongea juu ya makala: mfua chuma anaunguza miti. Kweli tena. Ndiyo maana jembe moja linalodumu misimu mitano ni afadhali kuliko matano yanayopita, lakini koperative inayoagiza kila mwaka ipande na miti yake, tusijidanganye.

Na si kila kifaa tunampelekea mfua chuma. Panga, sisi tunasema nunueni la fabrika. Bapa ndefu na nyembamba inataka joto sawasawa kutoka mwanzo mpaka mwisho, na kwenye tanuri ndogo ya kijijini hilo ni gumu. Ncha inakuwa ngumu, katikati inabaki laini. Panga la jina zuri, lililopimwa kwa kulipinda kwenye nguzo na kuona linarudi kunyooka, ni feza iliyotumika vizuri. Sekateri ya kukatia kahawa pia. Kuko za Uswisi, za Felco, ambazo kila kipande chake kinaweza kununuliwa na kubadilishwa, bapa, resori, hata skurubu. Bei yake ni ya kuogopesha mtu mmoja, lakini koperative ikinunua mbili tu na kuzizungusha kwa zamu wakati wa kupogoa, ni afadhali kuliko sekateri ishirini zinazoponda tawi kama meno ya mzee. Na tupa, tafadhali, tupa nunueni nzuri. Tupa mbaya inaua hata jembe zuri, kwa sababu mtu anaacha kunoa. Tumeona mashamba ambapo watu wanalaumu jembe, kumbe halijanolewa tangu lilipotoka sokoni.

Mpini hatutasema mengi. Mti mkavu, nyuzi zinyooke kutoka mwanzo hadi mwisho, usikatwe asubuhi na kutiwa jioni. Mukaratusi uliokaushwa kwenye kivuli unafaa. Wamama wafupi wakatiwe mpini wao, si ule wa kipimo kimoja kwa wote.

Sasa habari ya kulipa, maana hapo ndipo mambo mazuri yanafia. Mwanachama mmoja akienda peke yake kwa mfua chuma, hana nguvu: analipa avansi, anangoja, anachukua anachopewa. Koperative ikienda, inaweka masharti. Koperative kumi tulizozungumza nazo ziliuliza karibu maswali yaleyale, kwa hiyo tujibu hapa. Andikeni mapatano kwenye karatasi, hata ukurasa mmoja: chuma cha resori, uzito fulani, tundu na bapa mwili mmoja, kuzimisha kwenye mafuta. Toeni nusu ya malipo mwanzoni, nusu nyingine nyuma ya kupima. Katika kila majembe kumi, chagueni moja ninyi wenyewe, si yeye, mulipitishe kwenye tupa na kwenye mawe mawili. Likianguka, kumi yote yanarudi. Mfua chuma agonge alama yake juu ya kila jembe, na lile litakalopasuka katika msimu wa kwanza alitengeneze bure. Muzee wetu alipoambiwa sharti hilo alifurahi, tulishangaa. Alisema tangu aanze kazi hakuna mtu alimuomba kuweka jina lake.

Wanachama wasio na feza zote kwa mara moja, AVEC inaweza kusaidia: jembe linatolewa mwezi wa saba, linalipwa kidogo kidogo mpaka mavuno. Lakini wapewe waliohudhuria siku ya kupima. Mtu aliyeona jembe likiegemewa hatasema nyuma kwamba amepewa bovu.

Tunamaliza kwa kuongea na ofisi zetu wenyewe, za mashirika ya msaada. Mfua chuma hana nambari ya kodi wala fakitire, kwa hiyo kwenye sheria zetu hayuko. Lakini koperative iko. Koperative iliyoandikishwa kwa sheria ya OHADA, hata ile ndogo ya SCOOPS ambayo inaomba wanachama watano tu, ina karatasi, ina sahihi, inaweza kutoa proforma kama duka lolote la mjini. Kwa hiyo, koperative ije na proforma yake katikati ya zile tatu, ikiwa na jembe la mfano mkononi, na sisi tupime yote matatu kwa tupa mbele ya wakulima kabla ya kuangalia bei. Tumeandika ombi hilo kwa wakubwa wetu. Wamejibu kwamba wataliangalia. Kama koperative zenu zinaomba jambo hilohilo kwa barua yenye muhuri, litaangaliwa mbio zaidi, tunawaambia kama wenyeji wa ofisi.

Na swali la mama wa Kalehe, hatujalisahau. Jembe lake jekundu tulilipeleka kwa muzee, tukamuuliza kama anaweza kulitengeneza kisu. Alichukua tupa, akasugua mara mbili, akaturudishia. Akasema hata kwa kukata matembele halifai. Sasa liko ofisini, linashikilia mlango usipigwe na upepo. Mama mwenyewe yumo kwenye orodha ya majembe thelathini ya kwanza ya mwezi wa sita, na ameomba mpini mfupi.